Shoo Imeisha Saa Saba Usiku, Sasa Unafika Home Aje?

Kuna dakika moja kila shoo ya Nairobi huwa nayo na hakuna mtu huipost. Msanii wa mwisho ameshuka, MC amesema "mfike salama", taa kubwa zimewashwa na ghafla unaona sura za wasee wenye ulikuwa unaruka nao gizani. Simu iko na asilimia 4. Kwa mfuko uko na soo moja na sarafu za kupiga kelele tu. Mabeshte wawili walikuwa hapa sasa hivi, hawaonekani. Ni saa saba na robo, na wewe uko na miaka 16.

Ndani ya shoo kulikuwa na mabaunsa, taa, tenti ya huduma ya kwanza, na watu wamelipwa kuhakikisha hakuna mtu anaumia. Ukivuka geti hiyo yote inabaki nyuma. Kuanzia hapo mpaka kwa mlango wa keja ni wewe na mpango wako, kama ulikuja na mpango.

Hii story ni ya hicho kipande cha katikati. Ni yako wewe wa sekondari mwenye anaenda shoo yake ya kwanza. Na ni yako pia big bro, big sis, ama cousin wa miaka 22 mwenye ameambiwa, "Sawa, enda na yeye, lakini umrudishe."

Venye nilijua hii maneno

Nilikuwa form three, likizo ya Aprili. Nikamshow mathe naenda kusoma kwa beshte yangu Buru na nitalala huko. Ukweli ni kwamba kulikuwa na shoo Lang'ata Road na nilikuwa nimeweka pesa ya tiketi tangu Februari. Tuliingia tukiwa wanne. Shoo ikiisha tulikuwa wawili. Nikienda choo na kurudi, nikapata niko solo.

Nje, kange walikuwa wanaita tao kwa soo tatu. Mimi nilikuwa na soo na finje. Lakini skiza hii: simu yangu ilikuwa na chaji. Kredo ilikuwa. Namba ya mathe niliijua kwa kichwa tangu nursery. Na sikumpigia. Ningeanzia wapi? "Mathe, ile vitabu tulikuwa tunasoma imetoka sipika"?

Nikaanza kutembea kando ya barabara mpaka nikaona kituo cha petroli chenye taa. Kulikuwa na soja mzee amevaa lile koti lao refu. Akaniuliza, "We mtoto, unaenda wapi saa hii?" Nikamwambia Umoja. Hakucheka, hakunifukuza. Alivuta kreti ya soda, akaigeuza, akaniambia, "Kaa hapa mpaka kupambazuke. Hakuna mtu atakugusa." Saa kumi na moja hivi mathree zikaanza kupita bei ya kawaida, nikaenda. Nilipofika home mathe akaniuliza kama tulisoma. Nikasema ndio.

Kwa miaka mingi nilidhani shida ya usiku ule ilikuwa doh. Siku hizi najua hapana. Mtu wa kunitoa pale alikuwa umbali wa simu moja, na mimi nilikuwa nimemfungia nje kabla hata sijatoka nyumbani. Soja ndiye aliniokoa, na huyo soja ilikuwa bahati. Bahati si mpango.

Kwa nini kurudi usiku Nairobi ni ngumu hivi

Kwanza, elewa mashine venye inafanya kazi. Mathree zetu hazina ratiba. Ni za watu binafsi, zinaendeshwa chini ya sacco, na dere na kange wako na target ya kupelekea mwenye gari kila siku. Bei inafuata watu: mvua ikinyesha inapanda, na watu maelfu wakimwagika barabarani saa moja na gari ni chache, inapanda zaidi. App za teksi ni hivyo hivyo. Wakati kila mtu anaitisha gari pale pale, bei inaruka na dere anachagua abiria. Si lazima kuwe na mtu mbaya hapo. Ni hesabu tu, na hiyo hesabu haiangalii kama uko na miaka 16.

Pili, Nairobi imefungwa fundo moja, na hilo fundo ni tao. Route nyingi zinaanzia tao na kuishia tao. Kama shoo iko Uhuru Gardens na wewe ni wa Rongai, gari yako inapita hapo hapo Lang'ata Road. Uko sawa. Lakini kama wewe ni wa Umoja, hiyo safari ni gari mbili: moja mpaka Railways, alafu ushuke, uvuke tao kwa miguu ukipita Moi Avenue mpaka upande wa Tom Mboya, ndio utafute gari ya mtaa. Mchana hiyo kutembea ni kama dakika 10 na smokie mkononi. Saa nane usiku ni kitu tofauti kabisa. Shoo ikiwa Kasarani hesabu inageuka: msee wa Githurai na Roysambu yuko karibu na home, na wa Rongai ndiye ako na gari mbili na tao katikati.

Kwa hivyo swali la kwanza kabla ya "tiketi ni pesa ngapi" ni hili: kutoka hapo mpaka kwetu ni gari ngapi, na kati ya gari na gari natembea wapi? Kama jibu ni "gari mbili na tao usiku", basi mathree za kawaida si mpango wako. Tafuta njia yenye inakutoa geti mpaka mtaani bila kushuka katikati.

Kabla ulipe tiketi, maliza haya

*Umri.* Soma poster mpaka chini. Kama wameandika 18+, hiyo si yako bado. Sheria ya vileo ya 2010, ile watu huita Mututho, inakataza mtu wa chini ya miaka 18 kuuziwa pombe na pia kuachiliwa kuingia mahali inauzwa na kunywewa. Ukiingia kwa kitambulisho cha cousin, kitu kikienda mrama utaogopa kuitisha usaidizi juu utakuwa unajificha. Tena ni ile story ya mimi na mathe.

*Saa.* Poster huandika geti linafunguliwa saa ngapi. Saa ya kuisha haiandikwi, na headliner akisema anapanda saa nne, wewe weka saa sita. Amua saa yako ya kutoka mapema, na uamue kulingana na gari, si kulingana na ngoma. Kutoka kuna wakati mzuri mara mbili: nusu saa kabla ya mwisho, ama nusu saa baada ya umati kupungua. Dakika ile kila mtu anatoka ndio mbaya kushinda zote. Kunasukumana, mifuko inachanwa, bei iko juu, na network imejam hadi ujumbe wa "uko wapi" unafika kesho.

*Fare ya kurudi.* Hii ni sehemu ya tiketi. Kama tiketi ni 1,000 na uko na 1,000, hauna pesa ya shoo bado. Chukua fare ya kawaida, izidishe mara tatu, na uihesabu kama imeshatumika. Igawanye: kiasi cash kwa soksi ama mfuko wa ndani, ingine kwa M-Pesa. Kama hujafika 18 na huna kitambulisho, kuna M-Pesa Go, ile mzazi anakufungulia. Hiyo pesa haiguswi na chipo, haiguswi na soda, haikopeshwi mtu.

*Geti la kwenu.* Wengi hawafikirii hii. Plot nyingi caretaker anafunga saa tano. Utatoka shoo salama, upate gari salama, alafu ukae nje ya geti lenu saa nane ukigonga bati na mbwa wanakubwekea. Ongea na caretaker mchana. Beba kifunguo. Ama mtu wa nyumbani ajue atakufungulia saa ngapi.

Deal na watu wa home

Najua hapa ndio wengi wataruka. "Mathe hawezi kubali." Inawezekana. Lakini jaribu kuomba ukiwa na majibu kabla ya maswali: shoo iko wapi, ninaenda na nani na namba zao ni hizi, mkubwa mwenye tuko naye ni huyu, tunatoka saa hii, gari ni hii, na nitakupigia mara mbili, nikifika na nikitoka. Mzazi wa Nairobi hachukii muziki. Anachukia kukaa sebuleni saa nane akiangalia simu.

Na kwa wazazi na masista wenye mnasoma hii: mna upande wenu wa deal. Sema hivi kabla mtoto atoke, na umaanishe: "Ukipiga simu saa yoyote, mahali popote, hata kama ulinidanganya, nitakuja ama nitatuma mtu. Usiku huo sitakugombeza. Tutaongea kesho." Si kumaanisha hakuna adhabu. Adhabu inaweza kuwa kesho saa nne asubuhi baada ya chai. Lakini mtoto akijua simu yake itapokelewa na makelele, hatapiga. Atatembea. Nimetembea mimi, najua.

Ongezeni na neno la siri. Mnachagua sentensi moja ya kawaida, mfano, "Shosho amemeza dawa?" Ukiituma, mzazi anajua hauko sawa na hauwezi kuongea. Anakupigia hapo hapo kwa sauti ya ukali, "Uko wapi, rudi home sasa hivi!" Wewe unashika simu mbele ya squad, unakunja uso, unasema "manze mathe amekasirika", unatoka. Hakuna mtu anakuona kimbelembele, na uko njiani.

Squad ikiingia saba, inatoka saba

Hesabuni watu mkiingia. Hesabuni mkitoka. Chagueni msee mmoja wa kuhesabu, yule mwenye kila mtu humwita mathe wa group. Huyo ni dhahabu.

Chagueni mahali pa kukutana mkipotezana. Msiseme "kwa geti" juu geti zinaweza kuwa nne na zote zinafanana. Chagua kitu chenye hakisongi na kina taa. Tenti ya huduma ya kwanza ni nzuri, juu hapo kuna watu wa kazi usiku mzima. Mkubaliane pia na saa: "Tukipotezana, kila nusu saa kamili mtu anakuja hapo." Hiyo inafanya kazi hata bila network.

Simu: moja ya squad inazimwa tangu mwanzo na kuwekwa kwa mfuko wa ndani. Si ya video, si ya story. Ni ya saa saba usiku. Na andika namba mbili za watu wa home kwa karatasi ama kwa mkono na biro. Ukiibiwa simu, unaibiwa na kichwa chako chote. Jaribu sasa hivi: unajua namba ngapi bila kuangalia?

Beba kadi ya shule, juu kitambulisho bado hauna. Na sheria ya mwisho ya squad: hakuna mtu anaachwa na msee wamekutana naye usiku huo, hata kama anasema ni sawa, hata kama huyo msee ako na gari poa. Kama ni mtu wa maana, bado atakuwa wa maana Jumatatu mchana.

Njia za kurudi, kutoka poa mpaka ya mwisho

*Kukodi mathree ya mtaa.* Hii ndio njia yenye napenda zaidi na watu hawaitumii ya kutosha. Tunakodi mat kwa mazishi, kwa harusi, kwa mechi. Kwa nini si kwa shoo? Ongeeni na dere mwenye mnajua kutoka steji ya kwenu, yule huwabeba kila siku. Tuseme amewaambia 7,000 kwa gari ya watu 14, anawapeleka, anawangoja na kuwarudisha. Hiyo ni 500 kila mtu, kwenda na kurudi, mpaka mtaani, hakuna tao katikati, na ni dere mwenye mathe zenu wanamjua kwa jina. Lipeni nusu wakati wa kwenda na nusu mkifika home. Mkilipa yote mapema anaweza kupata kazi ingine.

*Mtu wa home na gari.* Poa sana, lakini chagueni mahali pa kuchukuana mbali kidogo na geti, kama kituo cha petroli ama supermarket yenye taa, umbali wa kutembea na umati. Mbele ya geti kutakuwa na jam ya kufa mtu. Mzazi afike nusu saa kabla. Na kama dere ni cousin mwenye alikuwa ndani ya shoo akipiga chupa, hiyo gari haiondoki naye kwa usukani. Si kesi ya karao na alcoblow tu. Ni kwamba hiyo saa barabara ziko wazi, na watu wanakanyaga mafuta. Wewe wa miaka 16 uko na haki ya kushuka. Watakucheka mpaka Jumatano. Sawa.

*App.* Akaunti iwe ya mkubwa. Trick nzuri ni mzazi kuitisha gari akiwa nyumbani, anakutumia namba ya gari na jina la dere, na anaiangalia kwa ramani mpaka mlangoni. Kabla uingie, linganisha namba ya gari na ile iko kwa simu. Usimwulize dere "wewe ni wa nani?" Mwache akuambie amekuja kuchukua nani. Kama akaunti ina PIN, mpe akiwa ameshafika. Tuma safari kwa mtu wa home. Na dere akikuambia "cancel twende na cash, ni bei ya chini", kataa. Uki-cancel, hiyo safari haipo tena kwa rekodi. Uko kwa gari ya mtu tu.

*Mathree ya kawaida.* Kama ni gari moja mpaka kwenu, iko sawa, mkiwa wengi. Angalia jina la sacco, ule mstari wa njano na route imeandikwa. Kange ako na sare na beji. Uliza bei kabla uweke mguu ndani, kwa sauti, wengine wasikie. Usiingie gari tupu yenye iko na dere, kange na wanaume watatu "abiria" wenye wanakuambia ujaze ya mwisho. Ngoja yenye wamama na wasee wa kazi za usiku wanaingia. Kaa karibu na mbele, si nyuma kabisa. Tuma home namba ya gari. Ikianza kuchukua njia yenye haujui, shuka mahali pana watu, mkiwa pamoja.

*Nduthi.* Iwe ya mwisho, na iwe ya kipande kifupi, kama kutoka steji ya mtaa mpaka kwa plot. Sheria inasema abiria mmoja, na helmeti. Kubebana watatu ndio fare igawanywe ni kugawana ajali. Kama unajua boda wa steji ya kwenu, chukua namba yake mchana, umwambie utafika saa ngapi akungoje.

*Kungoja asubuhi.* Hii nayo ni njia, na hakuna aibu. Kama kila kitu kimegoma, tafuteni mahali pana taa na watu wa kazi: kituo cha petroli, kasualti ya hospitali, hoteli ya masaa 24. Kaeni pamoja, muambie home mko wapi, mngoje gari za alfajiri. Kuchoka kunaisha ukilala. Kutembea tao saa tisa usiku mkiwa wawili kunaweza kukupa kitu hakiishi.

Ikienda mrama

Ukishikwa ngeta ama mtu akitaka simu, mpe. Simu inanunuliwa.

Mtu wa squad akianza kuyumba, kutapika ama kulala na hakunywa kitu, ama alikunywa chupa moja tu, usiseme "atapoa". Mlaze upande, usimwache peke yake, na umpeleke kwa tenti ya huduma ya kwanza ama hospitali. Waambie ukweli kuhusu alichotumia. Daktari anataka kumtibu, si kumpeleka kwa deputy.

Mkipatikana kwa msako, usikimbie na usitukane. Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kuambiwa umeshikwa kwa nini, kunyamaza, na kuwasiliana na wakili ama mtu wenu. Kifungu cha 53 kinasema mtoto, yaani mtu wa chini ya 18, azuiliwe tu kama njia ya mwisho, kwa muda mfupi iwezekanavyo, na atenganishwe na watu wazima. Sema kwa heshima: "Afande, niko na miaka 16. Naomba kupigia mzazi."

Na kama mtu ametendewa unyama wa kimwili, kitu cha kwanza ajue si makosa yake. Si nguo, si shoo, si saa. Aende hospitali haraka, ndani ya masaa 72, juu dawa za kuzuia HIV zinafanya kazi zikianzwa ndani ya huo muda, na mapema ndio bora. Kama anaweza, asioge kwanza, na nguo aziweke kwa bahasha ama mfuko wa karatasi. Mwende naye. Usimuulize maswali mengi, mshike tu mkono.

Namba za kuandika leo: polisi 999 ama 112. Simu ya watoto 116. Dhuluma za kijinsia 1195. Ambulensi ya Red Cross 1199.

Mathe alijua

Nilimwambia mathe ukweli miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshaanza kazi, tukiwa tunachambua sukuma. Nikamwambia kuhusu shoo, kuhusu soo na finje, kuhusu yule soja na kreti yake. Nilidhani atacheka. Aliweka kisu chini. Akasema, "Nilijua hamkusoma. Kitabu ulikiacha juu ya kitanda." Alafu akanyamaza kidogo. "Sikulala siku hiyo. Ungepiga ningekuja. Sikuwa na gari, lakini ningekuja."

Sasa bro yangu mdogo ako form three na Desemba imejaa mabango. Amekuja kwangu kuniuliza kama nitaenda naye. Nimemwambia ndio, lakini kwanza anionyeshe mpango wa kurudi, umeandikwa, na gari imeongelewa. Ako na namba ya mathe kwa mkono na ya kwangu. Ako na fare kwa soksi.

Na kwa group yao ya WhatsApp wameweka sheria moja. Hakuna kupost video yoyote ya shoo mpaka kila mtu aandike neno moja hapo: "Nimefika." Wako tisa. Wakihesabu nane, hakuna mtu analala.